Mikoko Baada ya Kimbunga
Somo la mwezi kwa vikundi na kwa wasomaji wa nyumbani



Mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari ya msitu unaoota katika maji ya chumvi, yaani msitu wa mikoko, na hasa jinsi unavyopona baada ya kuvunjwa na kimbunga. Huenda mtu akauliza, "Habari hiyo yatuhusu nini?" Twajibu hivi. Wengi wetu tumelala chini ya dari za boriti za mikoko. Samaki, kamba na kaa tunaowala hulelewa katikati ya mizizi yake. Tena bahari inapochafuka, msitu huo ndio unaosimama mbele ya nyumba za watu. Ukianguka, watu hutaka kufanya jambo upesi, nao hutenda kwa moyo mwema kabisa. Lakini ziko kazi za moyo mwema ambazo hazikuusaidia msitu, na nyingine zilizidi kuudhuru. Basi yatupasa kujua kwanza, ndipo tutende.

Mifano yetu mingi itatoka ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, katika jimbo la Florida huko Marekani na katika visiwa vya Honduras. Huko vimbunga hupiga mara nyingi, na wataalamu wamekuwa wakiandika habari za misitu iliyopigwa kwa zaidi ya miaka 60. Mwisho tutarudi kwetu.

1. MITI YENYEWE

Mtu wa pwani yetu hasemi "mikoko" tu akaridhika. Anajua mkoko wenyewe, mchu, msinzi, mkandaa, mlilana, mkomafi na kikandaa, na kila mmoja una kazi yake na mahali pake. Florida wana aina tatu tu. Ya kwanza huiita mkoko mwekundu, nao ni ndugu wa karibu wa mkoko wetu, wenye mizizi inayoshuka majini kama miguu ya kaa. Ya pili ni mkoko mweusi, ndugu wa mchu, ambao mizizi yake huchomoza juu ya tope kama penseli nyingi zilizosimamishwa. Ya tatu ni mkoko mweupe, ulio wa ukoo mmoja na kikandaa.

Mizizi hiyo ya ajabu ina sababu. Tope la mikokoni halina hewa ndani yake. Mzizi uliozama humo ungekufa kama mtu aliyezibwa pua, kama usingekuwa na njia ya kuvuta hewa kutoka juu. Kwa hiyo mizizi ya mikoko ina vitundu vidogo vidogo vya kupumulia, navyo hufanya kazi wakati maji yanapokupwa. Tafadhali shikeni jambo hili, maana ndani yake imo nusu ya somo letu: mikoko huishi kwa kujaa na kupwa. Ikikosa kupwa, hufa.

Jambo la pili ni mbegu. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti. Hutoa kidole kirefu cha kijani kinachoning'inia mpaka kikomae, kisha huanguka. Kikianguka wakati wa maji kupwa chaweza kusimama papo hapo katika tope. Kikianguka wakati wa maji kujaa huelea na kusafiri, pengine kwa miezi mingi, kikitafuta mahali pa kushika. Basi kila kidole ni mche tayari, unaongoja udongo tu.

2. JINSI KIMBUNGA KINAVYOUA MSITU

Watu wengi hudhani kwamba upepo ndio unaoua. Ni kweli, lakini si kweli yote. Ziko njia nne.

Kwanza, upepo. Huvunja vigogo, hung'oa miti mirefu na kupukutisha majani yote. Miti mirefu huumia zaidi kuliko mifupi. Miche midogo hujipinda na kuinuka tena, na mara nyingine hufunikwa na maji ya tufani, hata upepo hupita juu yake bila kuigusa.

Pili, maji yenyewe. Kimbunga husukuma bahari juu ya nchi kavu, na maji yale huja na magogo, mashua na mapaa ya nyumba, yakigonga kila kilicho mbele yake.

Tatu, tope. Maji ya tufani huchota tope na mchanga kutoka chini ya bahari na kuumwaga msituni. Likiwa tope jembamba halidhuru, na tutaona kwamba hata hufaa. Likiwa nene huziba vitundu vya mizizi, na mti hufa taratibu kwa kukosa hewa. Kimbunga Donna kilipopiga Florida tarehe 10 Septemba 1960, mtaalamu wa miti Frank Craighead aliandika kwamba miti mingi iliyobaki imesimama ilikufa baadaye, pale ilipofunikwa na tope. Upepo uliisamehe, tope likaimaliza.

Nne, maji yaliyotuama. Tope au magogo yakiziba vijito vya msitu, maji ya bahari na ya mvua hubaki ndani yasiweze kutoka. Hapo hapana kupwa tena. Kimbunga Irma kilipita Florida tarehe 10 Septemba 2017. Watafiti waliupima msitu kwa vyombo vya ndege, kabla na baada yake, na wakatoa matokeo yao mwaka 2021. Waliona kwamba zaidi ya hekta 10,000 za mikoko zilikufa bila dalili ya kupona. Tena vifo hivyo havikuwa vingi zaidi pale upepo ulipovuma kwa nguvu zaidi. Vilikuwa katika mabonde ya chini, ambako maji yaliingia yasipate njia ya kutoka.

Kwa hiyo mtu akiutazama msitu siku ya pili baada ya kimbunga hawezi kujua ni miti mingapi itakufa. Huenda ulio uchi ukachipua, na wenye majani ukafa mwaka ujao.

3. JINSI MSITU UNAVYOPONA

Njia za kupona nazo ni nne, na yafaa kuzitofautisha.

(a) Kuchipua. Miti ya jamii ya mchu, mlilana na mkomafi huwa na macho yaliyolala chini ya gome. Tawi likivunjika, macho yale huamka na kutoa matawi mapya kwenye kigogo. Mkoko wenyewe na jamaa zake, kama mkandaa, sivyo. Mti mkubwa wa mkoko ukipoteza matawi yake yote hauna macho ya akiba katika mti mkongwe, nao hufa. Wakataji wa boriti wanajua jambo hili bila kusoma kitabu: kisiki cha mchu huchipua, kisiki cha mkoko mkubwa huoza.

(b) Miche iliyobaki. Chini ya kila msitu mzima wamo watoto wengi wanaongoja mwanga. Miti mikubwa ikianguka, mwanga huwafikia nao huanza kukimbilia juu. Kimbunga Andrew kilipopiga kusini mwa Florida tarehe 24 Agosti 1992, watafiti waliona jambo la kupendeza. Katika misitu ile radi hupiga mara kwa mara, na kila ipigapo huua kikundi kidogo cha miti na kuacha uwazi wa mviringo. Katika nyazi hizo ilikuwa imekwisha kuota miche na miti michanga. Andrew aliangusha miti mikubwa pande zote, lakini ile michanga ilibaki imesimama, vikawa kama visiwa vya kijani katikati ya mabaki. Hasara ndogo za miaka iliyopita zilikuwa zimeweka akiba kwa siku ya hasara kubwa.

(c) Mbegu kutoka mbali. Ikiwa hapana mche uliobaki, msitu hungoja vidole vinavyoelea kutoka misitu mingine. Kwa hiyo msitu ulioachwa mzima upande wa pili wa ghuba ni ghala ya mbegu kwa ule uliovunjika. Lakini njia za maji lazima ziwe wazi, vinginevyo mbegu hupita mbali baharini.

(d) Chakula kutoka baharini. Tulisema kwamba tope jembamba hufaa. Kimbunga Wilma cha tarehe 24 Oktoba 2005 kilimwaga tope katika misitu ya Mto Shark, ndani ya hifadhi ya Everglades. Katika sehemu nyingi unene wake ulikuwa sentimita chache tu. Tope hilo lilikuwa na fosforasi nyingi, chakula ambacho udongo wa huko umepungukiwa nacho. Lilirutubisha msitu kama mkulima anavyotia mbolea, na tena liliinua sakafu yake kidogo juu ya bahari inayopanda. Baada ya miaka kama 5 msitu ulikuwa ukidondosha majani kwa wingi kama zamani. Lakini tusidanganyike. Majani hurudi kwa miaka michache, bali miti mirefu huhitaji miongo ya miaka.

4. MAHALI AMBAPO MSITU HAUKURUDI

Ingekuwa furaha kumalizia hapo, lakini si haki kwa msomaji. Iko misitu isiyorudi.

Karibu na rasi ya Sable, kusini kabisa mwa Florida, kimbunga kikuu cha tarehe 2 Septemba 1935 na kile cha Donna mwaka 1960 viliangusha misitu mikubwa. Sehemu zake hazikuota tena. Mpaka leo ni tope tupu.

Mfano ulio wazi zaidi ni kisiwa cha Guanaja, katika Visiwa vya Ghuba vya Honduras. Mwishoni mwa Oktoba 1998 Kimbunga Mitch kilikaa karibu na kisiwa hicho zaidi ya siku mbili, kisha kikaingia bara na mvua zake zikaua watu zaidi ya 10,000 katika Amerika ya Kati. Huko Guanaja karibu mikoko yote ilikufa. Wataalamu walipima kimo cha ardhi miaka iliyofuata wakagundua kwamba ilikuwa ikishuka, karibu sentimita 1 kila mwaka.

Kwa nini ardhi ishuke? Kwa sababu udongo ule haukuwa udongo wa mawe au mchanga. Ulikuwa mboji, yaani mizizi ya mikoko iliyolundikana miaka mingi, ya zamani chini na hai juu. Kila mwaka mizizi mipya iliongeza kidogo, na hivyo msitu ulikuwa ukijijengea sakafu yake. Miti ilipokufa ujenzi ulikoma, mizizi ikaoza, na sakafu ikabonyea kama godoro lililotolewa pamba. Ardhi ikishuka, maji huzidi kina. Maji yakizidi kina, mbegu inayokuja haishiki. Na pasipo mche, hapana mizizi ya kuinua ardhi tena. Hapo msitu umeingia katika duara usiloweza kutoka peke yake.

Basi hapa ndipo penye jambo la kukata shauri. Baada ya kimbunga kuna muda ambao msitu waweza kurudi, nao si muda usio na mwisho. Ndani ya muda huo mwanadamu aweza kusaidia au kuharibu.

5. JE, TUPANDE?

Jibu la kwanza la watu wengi ni kupanda. Picha za watoto wa shule wakiwa na miche mkononi hupendeza, na wafadhili huzipenda. Lakini tusikilize yaliyotokea Ufilipino.

Tarehe 8 Novemba 2013 kimbunga Haiyan, ambacho Wafilipino hukiita Yolanda, kiliua maelfu ya watu na kuvunja mikoko ya pwani. Miaka mingi kabla yake watu walikuwa wamepanda mashamba ya mikoko ya aina moja tu, ile ya jamii ya mkoko wenyewe, kwa kuwa vidole vyake ni rahisi kuokota na kuchomeka. Mara nyingi waliipanda mahali pasipo pake, mbele kabisa kwenye mawimbi. Kimbunga kilipopita, mashamba hayo yalikufa kwa wingi, maana mti wa aina hiyo hauchipui. Misitu ya asili, yenye mlilana na jamii ya mchu, ilitoa majani mapya baada ya miezi michache. Hata miti iliyodhaniwa kuwa imekufa ilikutwa hai. Wataalamu wa nchi hiyo wakashauri kwamba misitu iliyovunjika ilindwe kwanza, isikimbiliwe kufyekwa na kupandwa upya, kwa sababu watu wanaoondoa magogo hukanyaga miche ambayo Mungu amekwisha kuiotesha bila gharama.

Wazee walisema, "Mwenye pupa hadiriki kula tamu." Hapa neno lao lina maana ya kazi kabisa.

Kule Florida alikuwako mtaalamu mmoja aliyeitwa Robin Lewis, aliyefundisha miaka mingi kwamba swali la kwanza si "Tupande nini?" bali "Kwa nini msitu haurudi wenyewe?" Katika West Lake, karibu na mji wa Hollywood, mikoko ilikuwa imeharibiwa na udongo uliomwagwa juu yake. Mwaka 1989 walianza kuondoa udongo huo mpaka ardhi ikafika kimo ambacho maji hujaa na kupwa sawasawa. Hawakupanda mche hata mmoja. Baada ya miezi 78 aina zote tatu za mikoko zilikuwa zimesimama msituni, zimekuja zenyewe. Uharibifu ule haukuwa wa kimbunga, lakini kanuni ni ile ile: tengeneza njia ya maji, nayo mbegu itaijua kazi yake.

Kupanda kuna mahali pake. Kunafaa ikiwa miti mama haiko karibu na mbegu haziwezi kufika, au ikiwa ardhi imeanza kushuka na hapana muda wa kungoja. Hapo nayo yapasa kupanda aina ya mahali hapo, kwenye kimo chake. Mlilana husimama mbele baharini, mkoko hufuata, na mkandaa hukaa nyuma zaidi. Ukimpanda wa nyuma mbele, umemzamisha.

6. KWETU PWANI

Pwani yetu i karibu na ikweta, na vimbunga huko ni nadra. Nadra si kusema havipo. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Mwezi wa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, kikiwa kimepungua nguvu. Na jirani zetu wa Msumbiji wamepigwa mara nyingi. Katika delta ya Mto Save, Kimbunga Eline cha Februari 2000 kiliathiri karibu nusu ya mikoko, na watafiti walipokwenda tena miaka 14 baadaye alama zake zilikuwa zingali wazi.

Tena si lazima upepo uje. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha tope jingi katika mkono wa bahari wa Mwache, karibu na Mombasa, likafukia mizizi na mikoko ikafa. Kifo kilikuwa kile kile alichokiona Craighead baada ya Donna. Kwa hiyo mtu anayelima mteremko bila kuzuia mmomonyoko, hata kama hajaiona bahari tangu azaliwe, ana mkono wake katika uhai wa mikoko.

Basi tukusanye tuliyojifunza katika mashauri matano, kwa mtu atakayesimama mbele ya msitu uliovunjika:

Kwanza, usikate kwa haraka. Kwaruza gome kwa kisu. Ukiona ubichi wa kijani, mti ungali hai. Ngoja miezi kadhaa.

Pili, tazama maji kabla ya miti. Nenda wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, uone wapi yanaingia na wapi yanatuama. Kijito kilichozibwa na magogo au tope kifunguliwe. Barabara iliyokata njia ya maji iwekewe mabomba chini yake.

Tatu, usipite kila mahali. Chagueni njia moja ya kuingilia, ili miche isikanyagwe.

Nne, lindeni msitu uliobaki mzima kuliko wakati wowote, maana sasa ndio mama wa yote. Haifai kukata boriti za kujengea upya nyumba katika msitu ule ule mnaoutegemea kwa mbegu. Jambo hili ni gumu, twalijua, kwa sababu mtu aliyeangukiwa na nyumba anahitaji boriti leo. Ndiyo sababu shauri lake likatwe na kijiji kizima, na waliopoteza nyumba wapewe njia nyingine ya kujenga, wala wasiachwe wachague kati ya paa na bahari.

Tano, pandeni mwisho, pale tu ambapo mmekwisha kujua kwa nini hapaoti.

Kupona kwa msitu si muujiza wa siku moja. Ni kazi ya macho yaliyolala chini ya gome, ya vidole vinavyoelea, na ya maji yanayojaa na kupwa mara mbili kila siku. Kazi yetu sisi ni ndogo kuliko tunavyodhani, lakini tusipoifanya kwa wakati wake yaweza kupotea yote.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini mti uliobaki umesimama na majani yake waweza kufa miezi mingi baada ya kimbunga?

2. Kuna tofauti gani kati ya mchu na mkoko mkubwa ukikatwa au kuvunjika? Jambo hilo litubadilishe vipi tunapochagua miti ya kukata?

3. Huko Guanaja ardhi yenyewe ilishuka. Elezeni kwa maneno yenu jinsi msitu hai unavyoishika ardhi isizame.

4. Katika eneo lenu, je, ipo barabara, ukuta au shamba la chumvi linalozuia maji yasipwe? Ni nani mwenye mamlaka ya kulifungua, na ni nani atakayekwenda kuzungumza naye?

5. Mtu amepoteza nyumba, naye anataka boriti kutoka msitu wa mbegu. Kikundi chenu kingemjibu nini, na kingempa nini?